Waliopitia talaka, mvutano wa watoto na kugawana mali: tupeane uzoefu

Mleta mada

Habari zenu wakuu.

Dada yangu, baba mmoja mama mmoja, anaachana na mumewe, na kinachomchosha kuliko ugomvi wenyewe ni maneno ya watu. Huyu anamwambia hati ya nyumba ina jina la mume kwa hiyo hana chake. Yule anamwambia ni nusu kwa nusu, asikubali pungufu. Shangazi yetu naye kashikilia kwamba mtoto akitimiza miaka 7 ni wa baba, mjadala umefungwa. Kwa sheria ya Tanzania Bara yote matatu si kweli, na mtu akiyaamini anaweza kusaini makubaliano mabovu kwa hofu tu.

Naomba aliyepita njia hii aeleze alichokiona kwa macho yake: baraza lilikuwaje, hakimu aliuliza nini, kipi kilimsaidia. Tusitaje majina ya watu, wala baraza au mahakama.

Nianze na nilichojifunza kwa kumsindikiza dada. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mpite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Yapo ya kata, na ya dini yapo pia, kwa mfano BAKWATA kwa Waislamu. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, wengi wanaiita Fomu namba 3, na hiyo ndiyo unayoambatanisha unapofungua shauri. Shemeji aliitwa akawa hatokei, dada akadhani ndiyo mwisho wa safari. Si mwisho. Mwenzako akiitwa akakaidi makusudi, au katoroka na hujui alipo, sheria haikufungii mlango kwa ukaidi wake. Ila hakikisha wito uliandikwa na kumbukumbu zipo, maana mahakamani utaulizwa.

Karibuni.

Mama Mapacha

Mimi sikuwa na ajira. Asubuhi nilikuwa nauza vitumbua, mchana nipo saiti nasimamia fundi, kwa sababu mwenzangu alikuwa dereva wa malori ya Kongo, akiondoka ameondoka. Kiwanja kiliandikwa jina lake peke yake. Tulipofika mahakamani wakili wake akasema mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu, ile nyumba ni jasho la mume.

Kilichoniokoa ni daftari. Kaunta buku moja la jalada jekundu, nilikuwa naandika humo kila kitu tangu msingi: mifuko ya saruji, tripu za mchanga, nondo, chakula cha mafundi, na pembeni naandika pesa imetoka wapi, kama ni aliyotuma yeye au ni ya kikoba changu. Kurasa nyingine zimelowa mafuta ya vitumbua. Hakimu alilifungua akasoma kwa sauti ukurasa wa siku tuliyofunga lenta, kisha akamuuliza mwenzangu, "Siku hiyo ulikuwa wapi?" Akajibu alikuwa Lubumbashi. Akaulizwa nani aliwalipa mafundi. Akanyamaza.

Fundi naye alikuja kutoa ushahidi kwamba aliyekuwa akimlipa na kugombana naye kuhusu vipimo ni mimi. Katibu wa kikoba akaleta kitabu cha mikopo, tarehe zikalingana na za kwenye daftari langu. Hapo ndipo lile neno "mama wa nyumbani tu" lilipoishia.

Sikupewa nusu. Nilipewa asilimia 40 ya thamani ya nyumba, na kwa kweli niliona hakimu ametenda haki, maana pesa nyingi ilikuwa ya kwake. Ninachowaomba akina dada na akina kaka: andikeni. Huandiki kwa sababu unapanga kuachana. Unaandika kwa sababu ni mali yenu, na siku mmoja akifa hilo daftari litawasaidia watoto pia.

Msaidizi wa Kisheria

Mama Mapacha, hongera. Naomba niongeze kitu maana hili ndilo ninaloulizwa kila wiki.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Kinataja mchango wa pesa, wa mali au wa kazi. Zamani mahakimu walikuwa wanavutana: kupika, kufua na kulea ni "kazi" inayohesabika, au ni wajibu tu wa mke? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikalimaliza katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia akazitapanya. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake wengi wamepata haki kupitia jina lake.

Sasa watu wanapokosea ni hapa. Mchango kutambuliwa hakumaanishi nusu kwa nusu. Kiasi gani kila mmoja alichangia ni suala la ushahidi. Nimeona mama aliyefanya kazi kweli akapewa kidogo kwa sababu alisimama akasema "nilichangia sana" basi, hana shahidi, hana karatasi. Na nimeona mwanaume aliyejenga kwa mshahara wake akashindwa kuonyesha hata risiti moja ya mabati.

Mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa inabaki yako, isipokuwa kama mwenzako, au nyinyi wawili pamoja, mmeiendeleza kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa. Nyumba ya vyumba viwili uliyoikuta, mkaongeza vitatu na ukuta na kisima, hiyo inaingia kwenye hesabu. Madeni mliyoyachukua kwa faida ya wote nayo yanatazamwa, na mahitaji ya watoto wadogo pia.

Baba Watatu

Nashukuru kwa uzi huu, maana sisi wanaume tunaambiana uongo mwingi vijiweni.

Tulipoachana mdogo wetu alikuwa hajaanza shule. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, lakini hiyo ni dhana, ukiwa na sababu nzito unaweza kuipinga. Mimi sikuwa nayo. Mama yao ni mlezi mzuri, ugomvi wetu ulikuwa wetu. Ndugu zangu wakaniambia nivumilie, akifika 7 nikamchukue. Ndivyo walivyofanya kaka zangu.

Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyenifungua macho. Alikuja nyumbani kwangu, akaangalia watoto wangelala wapi, akauliza nikiwa zamu ya usiku nani anabaki nao. Akaenda na kwa mama yao. Wale wawili wakubwa akakaa nao pembeni, bila sisi. Akatueleza kwamba miaka 7 haimhamishi mtoto kwenda kwa baba kama mzigo unaobadilisha gari. Baada ya hapo mahakama inaendelea kuangalia maslahi ya mtoto kwanza, inasikiliza matakwa ya mtoto kama ameshaweza kuwa na maoni yake, na inaangalia ubaya wa kumvurugia maisha kwa kumhamisha hamisha.

Wakubwa walisema wanataka kubaki shule ileile. Amri ikawa watoto wote wakae na mama, mimi niwe nao likizo na wikiendi nisipokuwa zamu, na nitoe matunzo kila mwezi pamoja na ada. Naituma kwa simu na sifuti ujumbe wa muamala hata mmoja.

Kaka zangu, hili nalisema kwa uchungu: usikate matunzo kwa sababu umenyimwa kumwona mtoto. Rudi mahakamani uombe amri itekelezwe. Na akina mama, msimnyime baba kumwona mtoto kwa sababu hajatuma hela. Hayo ni mambo mawili, na anayelipia gharama akiwa katikati ni yule mtoto anayekaa na begi lake mlangoni Ijumaa jioni akisubiri.

Bint Tanga

Assalaam alaykum. Mimi niliandikiwa talaka kwenye karatasi, nikakaa eda, nikajua yamekwisha. Kwa dini ndoa ilikuwa imevunjika. Nilipotaka mgawo wa mashamba ya machungwa tuliyolima pamoja, nikaambiwa mahakama haigawi mali mpaka yenyewe itoe amri ya talaka, na ile karatasi peke yake haitoshi.

Ikabidi twende baraza la BAKWATA, likasikiliza, likatoa hati kwamba limeshindwa kutusuluhisha. Sheria ya Ndoa ina kifungu chake kwa sisi tuliofunga ndoa ya Kiislamu: baraza likishatoa hati, na baada ya hapo mmoja akafanya jambo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama inatoa amri ya talaka. Angalieni mpangilio huo, hati kwanza. Talaka yangu iliandikwa kabla, kwa hiyo mume alilazimika kuiandika tena baada ya baraza. Nilisumbuka sana hapo katikati na sikuwa na wa kunieleza.

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, kwenu ni tofauti, Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara. Huko mambo ya ndoa za Waislamu yako Mahakama ya Kadhi.

Mkazi wa Ilemela

Yangu haijaisha lakini naomba niiseme, inaweza kumwokoa mtu.

Nilirudi kutoka kazini nikakuta tangazo la mnada limebandikwa kwenye geti. Mume alikuwa ameweka hati ya nyumba tunayoishi benki, akachukua mkopo, na kwenye karatasi za benki ameapa kwamba hana mke. Tuna ndoa ya kanisani na watoto wanne.

Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Nilifungua shauri haraka nikiwa na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba naishi pale. Mahakama imesimamisha mnada mpaka shauri lisikilizwe. Kama unaona dalili, mume au mke anaanza kuficha hati, usisubiri tangazo. Sheria inakutambua kuwa una maslahi kwenye nyumba ya ndoa na unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati.

Mwalimu wa Songea

Na sisi ambao hatukufunga ndoa? Nimeishi na mzazi mwenzangu tangu nikiwa mwalimu mpya, majirani wanatuita mume na mke, mahari haikutolewa. Sasa ananiambia niondoke na nguo zangu.

Msaidizi wa Kisheria

Mwalimu, usiondoke na nguo tu. Kifungu cha 160: mwanamke na mwanaume wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, jamii ikawachukulia kama mke na mume, sheria inadhania mmeoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata ikithibitishwa kwamba hamkuoana, bado mahakama inaweza kutoa amri ya matunzo yako na ya watoto, na nafuu nyingine ikiwemo mali. Ushahidi wako ni majirani, mjumbe, ndugu zake waliokuita shemeji au wifi kwenye misiba na harusi, fomu za shule na za bima ya afya alizokuandika kama mke. Kikwazo kikubwa ni kama yeye ana ndoa nyingine ya mke mmoja ambayo bado ipo. Hilo lichunguze mapema.

Kwa walioko Dar es Salaam, kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, kimeanza 2021, mashauri ya ndoa na mirathi yanasikilizwa hapo. Mikoani anzia Mahakama ya Mwanzo, ina mamlaka ya kusikiliza talaka. Asiye na uwezo wa wakili aulize msaada wa kisheria, upo kwa Sheria ya 2017, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, wamesaidia akina mama kwa miaka mingi.

Jirani wa Nairobi

Huku Kenya pia watu walidhani Katiba ya 2010 imeleta nusu kwa nusu, kwa sababu Kifungu cha 45(3) kinasema wanandoa wana haki sawa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba usawa huo haumaanishi mali ikatwe katikati. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Ila Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 imeandika wazi kwamba mchango usio wa pesa unahesabika: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara, kazi ya shamba. Nami nilishinda kwa mashahidi wa shambani. Kwa hivyo yule mama wa daftari jekundu angesikilizwa hata huku.

Kijana wa Kibaha

Swali la haraka. Baraza lilitupa hati mwaka jana, tukajaribu kurudiana, imeshindikana. Naweza kwenda nayo mahakamani?

Mleta mada

Hapana kaka, hilo limetukuta na sisi dirishani. Hati inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Rudini barazani mpate mpya, na ukienda beba ile ya zamani pia ili waone mlishapita. Na kama ndoa yenu haijafikisha miaka 2 lisemeni hilo mapema, maana mtahitaji kwanza ruhusa ya mahakama.

Mwalimu wa Songea, nimekuandikia ujumbe wa faragha. Dada yangu amesoma majibu yote, ameanza kutafuta risiti.