Shanga za kale za makorongoni: aliyeziokota aziuze?

Mwalimu Mpwapwa
Wadau, nauliza kwa sababu limenikuta nyumbani. Mvua za mwaka huu zimekula ukingo wa korongo lililo nyuma ya shamba letu, na mpwa wangu wa darasa la tano anatoroka vipindi kwenda kuokota shanga. Kuna mnunuzi anapita na pikipiki kila Jumamosi. Kipimo chake kisoda: kikijaa, elfu tatu.

Nilimnyang'anya kopo nikazimwaga mezani. Nyingi ni nyekundu, na iliyovunjika unaiona kiini cheupe ndani. Chache ni za buluu, zenye mapande kama zimechongwa kwa kisu. Halafu nyeusi, ndogo kama mbegu za papai, tundu limejaa udongo mpaka utoboe kwa sindano.

Hizi ni za misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Walipita hapa Mpwapwa, wakavuka nyika ya Marenga Mkali kwa kiu, wakaingia Ugogo, na huko watemi hawakumruhusu mtu kisima wala njia bila hongo ya nguo na shanga. Zile nyekundu zimetoka Venice, za mapande Bohemia, huko Ulaya. Msimamo wangu: zisiuzwe. Mnasemaje?

Mkulima wa Uwele
Mbukwenyi. Mwalimu, wewe mwisho wa mwezi una mshahara. Mimi mwaka huu uwele umekauka ukiwa magotini. Umesema mwenyewe zimetoka Venice na zililipwa kama hongo, maana yake zilikuwa fedha. Fedha ya babu nikiikuta kwenye korongo langu, kosa langu liko wapi? Zimelala humo miaka mia na hamsini bila mtu kuziulizia. Amekuja mteja, leo zimekuwa urithi wa taifa!

Wakili wa Mtaa
Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Ukiokota kitu cha kale unatoa taarifa, na kukiuza au kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Ila mstari wa sheria ni vitu vya kabla ya mwaka 1863, na hapo ndipo kichwa kinapouma. Nyekundu zenye kiini cheupe zilianza kutengenezwa miaka ya 1830 na zikaendelea kuja miaka mingi baadaye. Wasafiri wa Kizungu wenyewe, Burton alipita Ugogo 1857, Stanley 1871. Ushanga mmoja mkononi, nani atakuapia uliangushwa na msafara wa yupi?

Mkulima wa Uwele
Basi nauza za Stanley 😂

Mama Wawili
Mnacheka. Bibi yangu alikuwa na mkufu wa zile nyekundu, sami-sami. Majina yake mengine zamani yalikuwa na maana ya kumaliza chakula na kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozililia. Hatukuwahi kuuza, tulimzika nao. Sasa niambieni, za korongoni zikiisha, na mnunuzi bado anakuja na kisoda chake, vijana watakwenda kuchimba wapi? Kijijini kwetu kaburi moja limeshafukuliwa.

Dalali Majengo
Mama, usituweke wote kapu moja. Mimi nanunua za juu ya ardhi tu. Bila sisi watoto wangezipiga kwa manati. Nikizifikisha kwa watengeneza mikufu angalau zinavaliwa, watalii wanaziona.

Mwalimu Mpwapwa
Mama Wawili, hilo la kaburi limenikosesha usingizi.

Mkulima, hoja yako ya fedha naichukua, tena naigeuza. Fedha ile haikupita kila mahali. Stanley ameandika kwamba shanga nyeusi, zilizoitwa bubu, zilikubalika Ugogo, na makabila mengine yote yalizikataa katakata. Mpagazi kazibeba toka pwani. Akikosea hesabu ya rangi, huko mbele mzigo wote haununui hata kuku. Khete kumi, yaani nyuzi kumi za shanga, zilifanya fundo moja, na mafundo hayo yakageuka kuwa kilio. Kwa hiyo mbegu zangu za papai zikiokotwa hapa zinasema jambo, na zikiokotwa Ujiji zinasema jingine kabisa. Ukiziondoa bila kuandika ulipozikuta, zinakuwa bubu kweli.

Nimelegeza kamba kidogo, basi. Mtoto nimempa daftari. Kila alichookota anaandika siku, upande wa korongo, na kama kilikuwa juu au kimechomoza ukingoni. Cha ukingoni hakigusi, ananiita. Za juu anaziweka kwenye bahasha, na bahasha hazitoki nyumbani mpaka nipate mtu wa Mambo ya Kale wa kumwonyesha.

Jumamosi mwenye pikipiki amekuja. Alikuwa na dumu la lita tano limejaa nusu. Nikamuuliza hizi za wapi. "Mwalimu, za huko huko. Manyoni, Kondoa, hapa, zote moja."

Mkulima wa Uwele
Daftari sawa. Mimi hata leo naandika, kalamu ninayo. Ila huyo mtu wa Mambo ya Kale akija, aje na nauli ya kurudi na kitu cha kumpa aliyeokota. Mwenye pikipiki anakuja kila Jumamosi, mvua inyeshe jua liwake.