Tupeane uzoefu: mito ya kitanda yenye "ramani" za njano, uliifanyaje ikarudi nyeupe?

Mama Wawili
Habari za jioni wana jamvi. Mama mkwe anakuja Jumamosi kutoka Korogwe, atakaa wiki 2. Leo nimevua foronya zote nifue, nikakutana na aibu yangu. Mito minne, yote ina ramani. Mmoja una Ziwa Victoria kamili na visiwa vyake. Tumeilalia hivyo miaka 3 bila habari, foronya inasitiri mengi.

Baba watoto anatoka jasho kama mbeba zege, mimi napaka mafuta ya nazi kichwani kabla ya kulala, mdogo wetu anamwaga udenda. Mito yenyewe ni ya faiba, ile myepesi inayouzwa miwili miwili ndani ya nailoni ya zipu. Nimeshasugua kwa sabuni ya mche, doa liko palepale, sasa hivi ni doa safi. Nataka aliyefua akaona kwa macho yake, siyo aliyesikia. Karibuni.

Shangazi wa Makorora
Mwanangu, umeanza na weupe wakati mafuta bado yamo. Huo unjano ni jasho na mafuta ya kichwa yaliyochakaa ndani ya kitambaa. Mimi nilifua wangu mara tatu, sabuni ya unga na jiki, ukikauka tu njano hiyo inachungulia tena. Mara ya nne nikasema ngoja niufanye kama sufuria la pilau. Mto ukiwa mkavu bado, nikamimina sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa, nikasugua taratibu kwa mswaki uliostaafu, nikauacha nusu saa. Ndipo nikautia kwenye beseni la maji ya moto, yale mkono unayavumilia kwa tabu, na sabuni ya unga kidogo na bekingi soda nusu kikombe. Saa 2 nzima, nikiupita naugeuza. Maji yalitoka rangi ya chai kavu, nikaona haya peke yangu.

Suuza mpaka povu liishe. Mimi nilibadilisha maji mara 5. Na usiusokote kama khanga, faiba itakimbilia pembeni ubaki na mto wenye matuta. Ulaze chini mahali pasafi, panda juu ukanyage, maji yatoke. Halafu jua kali siku 2, ukiupigapiga kila ukipita.

Dawa Moja
Mnajitesa. Jiki vizibo 3, siki kikombe, changanya humo humo. Dakika 10 mto theluji.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Dawa Moja, futa hiyo ndugu yangu kabla mtu hajaingia nayo bafuni. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inachoma macho na mapafu. Limau nalo ni hivyo hivyo, tindikali ni tindikali.

Na mimi sisemi kwa kusoma tu. Mwanangu alipokuwa na miaka 4 alikojolea mto, nikautupa kwenye beseni bafuni nikaenda kazini. Narudi jioni nimechoka, dirisha limefungwa, nikamwaga jiki moja kwa moja. Mkojo ukikaa unatengeneza amonia, na amonia na jiki havipatani kabisa. Nilikohoa mpaka jirani akagonga. Tangu siku hiyo mto wa mkojo nausuuza kwa maji matupu mara mbili tatu kwanza, na jiki naitumia uani, peke yake, na maji mengi.

Damu za pua, kama mna watoto wa hivyo: maji BARIDI. Ya moto yanaipika damu kwenye kitambaa. Ikibaki alama, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, unaidondosha, inatoa povu, unafuta. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana.

Dawa Moja
Nimefuta. Kumbe ndiyo maana macho yalikuwa yananiwasha. Nilidhani ni vitunguu.

Hosteli Block C
Mimi nilipewa mto wa sponji na mama nikienda chuo. Mwaka wa pili nikavua foronya, sponji njano kama ubwabwa wa manjano. Nikailoweka kwenye jiki usiku kucha. Asubuhi njano imezidi, na nilipoiminya ikabaki vipande mkononi kama mkate uliolowa. Nililalia jinzi niliyoikunja siku 3.

Fundi Godoro
Block C pole, lakini ile haikuwa uchafu. Sponji hugeuka njano yenyewe kwa hewa na mwanga, hata ikae stoo haijalaliwa. Hakuna sabuni ya kuirudisha, na jiki inaila. Sponji fua kwa sabuni nyepesi, uiminye kwa viganja bila kuisokota, uianike kivulini penye upepo. Rangi achana nayo.

Nawaongezea la sufi, maana naletewa mito iliyouawa kila wiki. Sufi HAIFULIWI. Nyuzi zake zina nta kwa asili, maji hayapendi kuingia, ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea majini. Ukiilazimisha inashikana mabonge, katikati inabaki na unyevu, wiki ya pili mto unanuka uvundo. Fumua mshono upande mmoja tu. Hamishia sufi kwenye kipande cha chandarua cha zamani, ukifunge, usipofunga mtaa mzima utapiga chafya. Anika juani siku nzima, uichambue kwa vidole. Kitambaa chake ndicho kina doa, kifue unavyotaka, hata kukichemsha kama ni pamba. Kikikauka kabisa rudisha, shona. Mto unafumuka kama mpya na hujanilipa kitu, sijui kwa nini nawaambia.

Bi Harusi Mstaafu
Nyie mna jasho, mimi nilikuwa na manjano. Nilisingwa siku 7, singo imechanganywa na manjano, mto wangu ukawa dhahabu. Baada ya harusi nikaufua kwa sabuni ya mche, doa likageuka JEKUNDU. Mawifi wawili wakapita uani, wakatazamana, wakanyamaza. Nikatamani ardhi ipasuke.

Mama mkubwa alipocheka akamaliza ndipo akanieleza kuwa manjano yakikutana na sabuni huwa mekundu. Tukasuuza kwa maji ya limau, ikarudi njano mbele ya macho yangu, kisha tukauanika juani siku 3. Manjano hayaliwezi jua, yalififia mpaka yakaisha. Hina ndiyo sijawahi kuiona ikitoka. Nilishona foronya ya rangi ya kahawa, maisha yakaendelea.

Kijana wa Kisima
Wenye maji ya kisima yenye kutu muogopeni jiki. Huku kwetu ndoo ikilala asubuhi chini kuna vumbi jekundu. Nilitia jiki, mito miwili ikawa rangi ya matofali, maana jiki inaivutia ile chuma iliyojificha kwenye maji igande kwenye nguo. Nikasuuza jiki yote itoke, kesho yake nikaloweka kwa maji ya mvua na malimau. Ilipungua, haikuisha. Siku hizi nafulia mito masika. Kukausha sasa, hiyo ni kesi nyingine.

Dada wa Kilosa
Mto mbichi usiutandaze kwenye nyasi wala kuusahau kivulini. Kuna nzi wanataga kwenye nguo zenye unyevu, funza wakitoka wanaingia kwenye ngozi ya mtu. Nguo unapiga pasi, mto utaupigaje? Kamba ndefu, jua kali, mpaka ndani kabisa. Mdogo wangu alitolewa wawili shavuni.

Mama Wawili
Mrejesho wa Jumapili. Nimefuata ya Shangazi, sabuni ya vyombo kwanza. Mito miwili imerudi nyeupe, naapa. Wa tatu Ziwa Victoria limebaki bwawa. Wa nne niliusokota kabla sijafika kwenye sentensi ya khanga, una matuta, sasa ni wa kukalia jikoni.

Mkwe kafika jana jioni. Kashuka kwenye bajaji na mto wake mwenyewe kwapani, wa sufi, tangu Korogwe. Mito yangu kaitazama, kasema "mizuri", kaiweka pembeni. Leo asubuhi kaniomba wembe na chandarua kibovu. Fundi, wa kushonea ni uzi gani, huu wa cherehani unatosha?