Muuguzi mpya aende ICU moja kwa moja, au asote kwanza wodini?

Mtoa mada
Habari za zamu. Mdogo wangu ana miezi 7 tangu aajiriwe, yuko wodi ya wanaume. Juzi ameomba kuhamia ICU, yaani chumba cha mahututi, mfawidhi akamjibu kwa mkato: "Kaa wodini miaka 2 ukomae." Mimi niko ICU mwaka wa 6 sasa, na nasema hiyo miaka 2 ni mazoea tu, haipimi kitu.

Akomae kwa lipi? Usiku wako wawili kwa wagonjwa 38. Wanaanza kugawa dawa za saa sita, wakifika kitanda cha mwisho ni saa nane na dripu ya kitanda cha kwanza imekauka. Hapo mtu anajifunza kukimbia.

Halafu ICU zimeongezeka. Zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga pia vyumba vya mahututi na vya dharura. Vitanda na monita vimefika, nani asimame pembeni? Wenye shahada ya uzamili ya uuguzi wa mahututi, kama wa pale MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, hawatoshi kugawanywa nchi nzima.

Sharti langu ni moja tu: miezi 3 ya kwanza asiachwe peke yake. Usiku wangu wa pili ICU monita ilianza kupiga kelele. Oksijeni ya damu asilimia 79, inapotea, inarudi 81. Nikafungulia oksijeni mpaka mwisho, nikashika simu nimwite daktari. Sista niliyepangwa naye hata skrini hakuitazama. Alitazama kifua kinavyopanda, akatazama midomo, kisha akaushika mkono wa yule mama. Kucha nyeusi tii kwa piko, alikuwa ametoka harusini siku chache nyuma. Piko ndiyo ilikuwa inakidanganya kipimo cha kidoleni. Akachukua kibanio cha sikio, akakipachika. 97.

Hilo sikulisoma chuoni, na wodini nisingelipata, maana monita yenyewe hatukuwa nayo.

Sista Mkongwe
Marahaba, ingawa hukuniamkia. Huyo sista wa piko alijifunzia wapi kutazama midomo? Wodini, mwanangu! ICU pampu ya noradrenalini, dawa ya kushikilia presha, ikiisha nawe bado unahangaika na bomba jipya, presha inaporomoka ukiiona. Potasiamu ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa inasimamisha moyo. Wodini ukikosea, mara nyingi mgonjwa anakupa muda wa kurekebisha. Kule hana huo muda wa kukupa.

Na ndugu wa mgonjwa je? Kumwambia mtu mlangoni kwamba mama yake hajaamka leo pia, mtoto wa miezi 7 kazini hana maneno hayo.

Kituo cha Mbali
Wakubwa mnanichekesha. Mimi nilipangiwa kituo cha afya, wiki ya tatu niko usiku peke yangu na mama mwenye kifafa cha mimba. Kabla ya kila dozi ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, nagonga goti, nahesabu pumzi, naangalia mkojo, simu nimeibana begani namsubiri dereva wa ambulensi apokee. Mbona huku hakuna aliyesema nikomae kwanza?

Mzee wa Rosta
Mimi ndiye nayepanga zamu, kwa hiyo niseme la pembeni. Wengi wanaitaka ICU kwa ajili ya wasifu. Matangazo mengi ya kazi za Ghuba yanataka uzoefu wa miaka 2. Unamfundisha mtu mashine ya kupumulia, anaielewa, anaaga. Huyo mfawidhi huenda amechoka tu kufundisha.

Mtoa mada
Mzee, wa kupanda ndege atapanda tu, hata akitokea wodi ya watoto. Kituo cha Mbali, pole sana, na umenisaidia hoja.

Shikamoo dada mkubwa, na samahani. La ndugu mlangoni nalikubali, mimi mwenyewe bado linanishinda. La wodi ndilo nauliza: ulipoanza wewe, usiku mlikuwa wangapi?

Sista Mkongwe
Wanne. Wagonjwa hawakuzidi 20.