Naomba ushauri: siti kuukuu ya baiskeli, ya ngozi, yenye springi

Ndugu zangu, nina siti ya ngozi ya zamani hapa Mombasa. Nyuma ina springi mbili za koili, na reli zake (waya za chini zinazoibeba siti) ni pacha kila upande. Chapa ya ubavuni imefutika, yasomeka "KS" pekee. Huenda ni Brooks, kampuni ya Uingereza ya siti za baiskeli. Modeli yao ya B72 sidhani, ile haina koili, waya wake umekunjwa tu. Nashuku B66. Kuna alama gani nyingine ya kuthibitisha?

Ngozi imekauka na kubonyea katikati, na pana ufa mfupi kwenye ribiti (pini ya chuma inayobana ngozi) ya nyuma kushoto. Bolti ya mbele, ile ya kuvuta ngozi ikaze, imeganda kwa kutu, hewa ya chumvi imeila. Sijaikaza kwa makusudi: ngozi kavu ikivutwa huchanikia palepale kwenye ribiti. Nitaipangusa vumbi, niipake nta ya ngozi kidogo juu na chini, ikae kivulini, ndipo nikaze robo mzunguko kwa wakati. Mafuta ya nazi hapana, yatailegeza izidi kubonyea. Maji ya kutu nayo yasiiguse, huacha madoa meusi.

Je, ufa huo utiwe kiraka kwa chini au ushonwe? Na ribiti za shaba za kichwa kipana hupatikana wapi, Mwembe Tayari au Kongowea?