Ramani ya Kilimanjaro iliyokufa pamoja na Flash: tuijenge upya kwa kutumia nini?

MwongozaMlima (Moshi)
Ndugu zangu, mwaka 2009 ofisi yetu ya kuongoza wapanda mlima ilitengenezewa ramani ya njia ya Marangu kwa Flash (teknolojia ya Adobe ya michoro hai, iliyohitaji programu-jalizi, yaani nyongeza ya kusakinishwa kwenye kivinjari): mgeni akibofya Mandara, Horombo au Kibo, alionyeshwa urefu wa kituo na saa za kutembea. Tangu Januari 2021 pamebaki mraba mtupu. Fundi alikwishahama, nasi tumebakiwa na faili la swf pekee, yaani ramani iliyokwisha kukamilishwa, isiyohaririwa kwa urahisi. Fundi mwingine anatushauri tutumie mfumo wa kampuni moja ambao utamlazimu mgeni kusakinisha programu-jalizi yake kwanza. Je, hatutarudi palepale?

BintiMeru (Arusha)
Mtarudi, kaka. Flash ilichora vizuri; tatizo lilikuwa mmiliki mmoja. Adobe ilipotangaza Julai 2017 kwamba ingeacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, wenye tovuti hawakuwa na la kufanya ila kuhama. (Na wageni wenu wa iPhone hawakuwahi kuiona ramani hiyo hata siku moja, kwa kuwa simu hiyo haikuikubali Flash tangu ilipotoka mwaka 2007.) Kazi yenu inatoshwa na SVG, namna ya wazi ya kuandika michoro, ambayo ni pendekezo rasmi la W3C (shirika linaloweka viwango vya wavuti) tangu 2001: mchoro wake ni maandishi ambayo kivinjari chenyewe huyasoma, kila kituo kinaweza kupewa amri yake ya JavaScript (lugha ya programu ya vivinjari), na jina la kambi likikosewa mtalisahihisha wenyewe bila kumwita fundi.

MzeeWaKodi (Arusha)
Kabla ya kujenga, jaribuni Ruffle. Ni programu huria inayoendesha swf ndani ya kivinjari kwa WebAssembly (aina ya msimbo ambao vivinjari vya sasa huuendesha vyenyewe), na mgeni hasakinishi chochote.

Mkaguzi (Moshi)
Nakubali, ila tusimlaumu fundi wa 2009, kwani HTML5, kiwango cha kurasa za wavuti kilichopunguza haja ya programu-jalizi, ilipitishwa rasmi na W3C Oktoba 2014 tu. Tena, jina la W3C peke yake si kinga: mwaka 2017 ilipitisha EME, kiwango kinachokiruhusu kivinjari kuita programu ya kufungua video zilizolindwa, ambayo msimbo wake umefichwa na mmiliki wake. Lililowaumiza ninyi zaidi ni kukosa faili la kazi, yaani lile la asili ambalo fundi hulihariri. Safari hii iandikwe katika mkataba kwamba malipo ya mwisho hayatoki kabla faili hilo halijakabidhiwa.

MwongozaMlima (Moshi)
Asanteni. Ruffle imeifungua, ingawa vitufe viwili havijibu. Itatusogeza hadi SVG ikamilike.