Ushauri: sehemu ya pili ya filamu yetu ya kutisha, damu na vichekesho vikae pamoja vipi?

Mwandishi_wa_Muswada:

Ndugu wanajukwaa, natumaini mu wazima. Ninaomba ushauri wa watu wanaozielewa filamu za muuaji mwenye kinyago, hasa waliowahi kuongoza, kuhariri au kutengeneza majeraha bandia.

Kikundi chetu kilitengeneza filamu fupi ya aina hiyo kwa fedha kidogo. Damu ilionekana kwa nadra. Tulitegemea giza, milango na sauti ya pumzi ndani ya kinyago, na watazamaji waliogopa kweli. Sasa tunaandaa sehemu ya pili, na wenzangu wameafikiana kwamba safari hii damu imwagike bila hesabu na watu wacheke mpaka mbavu ziwaume. Sipingi, kwa kuwa nami nazipenda mno filamu za namna hiyo, lakini nahofia kwamba muuaji aliyewanyima watu usingizi atageuka kuwa mchekeshaji.

Tukio ninalolishughulikia zaidi linatokea ukumbini, katika sherehe ya harusi. Mshereheshaji anawaomba wageni wampigie makofi bibi harusi, muuaji anapita nyuma yake na kumkata mkono, nao unaanguka ukiwa bado umeikamata maikrofoni. Kabla hajatambua kilichompata, mshereheshaji anainama kuifuata maikrofoni sakafuni ili amalizie sentensi yake.

Je, muuaji aanze kusema na kutania? Damu iwe kiasi gani? Na tumrudishe vipi, maana mwishoni mwa sehemu ya kwanza aliteketea kwa moto mbele ya macho ya kila mtu?

Mhariri_wa_Usiku:

Ndugu, hongera kwa tukio la mshereheshaji. Usikubali mtu alipunguze. Muuaji asifungue kinywa. Katika *Friday the 13th Part VI: Jason Lives* ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Tom McLoughlin, utani umetapakaa kila mahali, lakini Jason, yule muuaji mwenye kinyago, hatanii hata mara moja. Wanaochekesha ni wale wanaomzunguka, naye anaua kana kwamba hakuna aliyecheka.

Filamu hiyohiyo inajibu swali lako la tatu. Tommy Jarvis, ambaye ndiye aliyemuua Jason, analifukua kaburi ili auteketeze mwili, hasira inampanda, anaidunga maiti kwa nondo aliyoing'oa kwenye uzio, kisha radi inaipiga nondo ile na Jason anafumbua macho. Radi yenyewe ni kisingizio chepesi, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kisa kimesimama juu ya mtu aliyemfufua adui kwa kutaka mno kuhakikisha kwamba amekufa. Mtafute katika muswada wako aliyenusurika ambaye hapati amani mpaka auone mwili, kisha mfanye yeye awe chanzo cha balaa.

Mpenzi_wa_Giza:

Mimi napingana na wenzako. *Halloween* ya John Carpenter ya mwaka 1978 ina damu kidogo sana, na *Halloween II* ya mwaka 1981 iliongeza mauaji na damu. Ile ya kwanza naikumbuka onyesho kwa onyesho, ya pili nakumbuka majeraha tu. Bakini mlipofanikiwa.

Mtazamaji_Mkongwe:

Kwa heshima zote, Mpenzi_wa_Giza, mfano huo unatuonyesha filamu ya pili iliyojaribu kuwa ya kwanza kwa kuongeza damu. Mwandishi anataka kubadili namna nzima ya kusimulia, na hilo ni jambo jingine.

Tobe Hooper aliongoza *The Texas Chain Saw Massacre* mwaka 1974, filamu ambayo watu wengi huapa kwamba walionyeshwa damu nyingi ilhali haikuonekana nyingi. Mwaka 1986 alirudi na sehemu ya pili, akamkabidhi Tom Savini kazi ya majeraha, na akamwaga kila alichokuwa amekificha. Vichekesho vyake vinatoka wapi? Tazama Drayton, mpishi wa ile familia ya wauaji. Anashinda shindano la upishi kwa nyama ya watu, na anaposifiwa anajibu kwa fahari ya mfanyabiashara mwadilifu. Baadaye, katikati ya uovu ule wote, analalamikia ugumu wa biashara ndogo. Hajui kwamba anachekesha. Mshereheshaji wako ni ndugu yake kabisa: anajali kumaliza sentensi kuliko mkono wake. Mwambie mwigizaji wako aicheze kazi ile kwa bidii ya mtu aliyelipwa vizuri, asikonyeze kamera.

Tazama pia tukio la kituo cha redio. Mtangazaji Stretch anazungumza na Chop Top, mtu wa ajabu anayejikuna kichwani kwa waya na kula anachokikwangua. Unacheka kwa kinyaa, na wakati huohuo Leatherface, muuaji mwenye kinyago wa familia ileile, anachomoka gizani na msumeno wa mnyororo. Kicheko kimekufanya ulegee, ndipo hofu inapokukuta. Pangeni matukio yenu kwa mfuatano huo angalau mara mbili kabla hamjafika kwenye harusi.

Fundi_wa_Majeraha:

Nitasema kuhusu damu yenyewe. Chemsheni sirapu nzito ya sukari, ipoe, mtie rangi nyekundu ya chakula, kisha kakao kidogo sana ili wekundu usifanane na soda. Ijaribuni mbele ya kamera na chini ya taa mtakazotumia, kwa sababu damu inayovutia kwenye bakuli huweza kuonekana nyeusi au ya waridi kwenye picha. Inanata na inatelezesha: tandikeni sakafu, wekeni mtu wa kupangusa, na kila nguo itakayochafuka iwe na pacha wake safi.

Mkono uwe wa mpira, mkono halisi wa mwigizaji ufungwe nyuma ndani ya koti, na mrija upite kwenye mkono wa koti hadi kwa msaidizi mwenye bomba kubwa la sindano. Maikrofoni iwe imekufa, bila waya wa umeme, na panga lisiwe na makali hata kidogo.

Mwandishi_wa_Muswada:

Nawashukuru sana. Muuaji atanyamaza, na dada wa marehemu wa sehemu ya kwanza ndiye atakayekwenda kufukua majivu. Fundi, damu ya mkono iruke kwa muda gani?

Fundi_wa_Majeraha:

Iruke kidogo, ikatike kabisa, mpeni mshereheshaji nafasi ya kuinama na kuishika maikrofoni kwa mkono uliobaki. Anapotamka neno la kwanza, msaidizi asukume bomba lote, na damu impate bibi harusi usoni. Ila mwigizaji wa bibi harusi aambiwe mapema na afumbe macho, na onyesho hilo lipigwe mwisho wa siku, kwa kuwa nywele zake hazitafaa tena kwa kazi nyingine mpaka zioshwe.