Safari za kuonja chakula Dodoma kwa basi la kizamani: ratiba inafuata injini, chakula kinaharibika

Wakuu, tuongee bila kupindisha. Hizi safari za kuzungusha wageni mjini Dodoma kwa basi la mbao lenye sura ya tramu ya zamani, eti waonje mapishi ya Wagogo, zinauzwa ghali na zinayaaibisha mapishi yenyewe. Kosa si la wapishi. Aliyepanga ratiba amelipangia gari, chungu kikafuata nyuma.

Tuanze na hilo gari. Tramu ya kweli hutembea juu ya reli na kuchukua umeme kwenye waya wa juu. Hili ni lori kuukuu lililovalishwa bodi ya mbao, lina injini ya petroli yenye kabureta. Injini ya namna hiyo ikizimwa ikiwa ya moto, jua la saa 7 mchana liko juu, petroli huchemka ndani ya bomba, mvuke unaziba njia, na gari haliwaki tena mpaka lipoe. Hiyo inaweza kuwa nusu saa. Dereva anajua, kwa hiyo hazimi. Basi linaunguruma kando ya kibanda cha mama ntilie, moshi unaingia kwenye masufuria, na wageni wanaambiwa wamalize kwa dakika 10 kwa sababu rejeta nayo inapanda joto gari likiwa limesimama. Chakula cha kula umekaa, umetulia, kinaliwa mbio mbio kwa ajili ya rejeta!

Dawa ipo, na fundi yeyote wa magari ya zamani anaijua. Pampu ya petroli ya umeme ifungwe karibu na tenki, bomba lisogezwe mbali na manifodi (bomba la moto linalotoa moshi kwenye injini), kabureta iwekewe kikinga joto chini yake, rejeta iongezewe feni ya umeme. Asiyetaka gharama hiyo aegeshe kivulini mita 100 kutoka kwa mpishi, azime, afungue boneti, watu watembee. Hawataki, kwa sababu picha wanayoitafuta ni ya mgeni anayekula ndani ya basi.

Sasa mlenda ndani ya basi linalotembea, jamani? Mlenda ni mboga ya ugali. Unamega tonge, unabonyeza kishimo kwa dole gumba, unachota, unakata ule uzi wa utelezi kwa ukingo wa bakuli. Kazi hiyo inataka meza iliyotulia na mkono uliooshwa. Wao wanagawa mlenda peke yake kwenye kikombe cha plastiki na kijiko, umepikwa asubuhi, umepoa, karanga imeufanya mzito kama uji uliolala. Mgeni anauonja mara moja, anakunja uso, anaondoka akiamini kwamba hicho ndicho chakula chetu. Na hiyo karanga iliyotwangwa haitangazwi. Kuna watu karanga inawabana koo mpaka pumzi inakata. Kabla ya kuuza tiketi muulize kila mtu, msisubiri aanze kuvimba midomo.

Ugali nao wanauita wa uwele. Uangalieni rangi: wa uwele ni wa kijivujivu, wa mtama mwekundu unaelekea hudhurungi. Mweupe pe ni sembe, na sembe mgeni ameshaila Dar. Uwele una mafuta mengi kwenye kiini, kwa hiyo unga wake ukikaa siku nyingi kwenye joto unachacha na kuwa mchungu. Unasagwa kidogo kidogo, wa siku chache tu. Mwenye gari ananunua gunia la unga ili apate nafuu ya bei, halafu wageni wakilalamikia uchungu anawaambia ndiyo ladha ya kienyeji. Huo ni uongo.

Nyama choma ndiyo inayoudhi kuliko yote. Mnada wa mifugo wa Msalato, hapo Dodoma, ni Jumamosi. Siku hiyo wanyama wapo, wachinjaji wapo, moto upo. Lakini tangazo linasema "nyama ya Msalato" na safari ni Jumanne! Mgeni anapewa mbuzi wa jana aliyepashwa. Mafuta ya mbuzi yanaganda upesi yakipoa, yanagandamana kwenye kaakaa kama mshumaa, hata kachumbari haiyaondoi. Paja zima linataka zaidi ya saa moja juu ya makaa yaliyokwisha kutoa ndimi za moto, na huliwa pale pale linapokatwa. Siku isiyo ya mnada toeni kitu kingine, mtaje ni nini.

Zabibu hivyo hivyo. Msimu wa Dodoma ni Februari hadi Aprili hivi, kisha Agosti na Septemba. Ukiuza "kuchuma zabibu" mwezi Juni unampeleka mtu kuangalia matawi. Na zikiwepo, mwenye shamba aulizwe dawa ya ukungu ilipulizwa lini, kisha zioshwe kabla ya kugawiwa, hata kama mgeni ana haraka ya kuonja.

Maji ya kunawa, hesabu ni rahisi. Watu 16, nusu lita kila mmoja kila anaponawa, kabla na baada ya kula, vituo 4: lita 64. Basi limebeba ndoo moja ya lita 20 yenye koki. Madirisha wazi, kiangazi, vumbi lote la barabara liko mikononi.

Halafu mama ntilie anapigiwa simu saa 3 asubuhi, "tunakuja 16, tuandalie kande." Kande kavu kwenye mkaa huchukua saa tatu, na maharage yalitakiwa kulowekwa usiku. Atachanganya na ya jana, afanyeje? Simu ipigwe jana yake kabla ya saa 12 jioni, idadi kamili itajwe, na nusu ya pesa itumwe hapo hapo, kwa sababu mkaa na nyanya hanunui kwa ahadi.